Presha ya Baba Xaveri

Mimi ni mtu wa hasira, nakiri mwenyewe kabla majirani hawajakuambia. Kwa hiyo tabibu aliposema nina presha, hakuna aliyeshangaa hapa Milola. "Angeikosaje?" alisema jirani yangu Kibwana. "Mtu anayegombana hadi na redio!"

Lakini presha ile ilinijia wakati mbaya. Chama cha ushirika kilikuwa kimetupunguza kazini, lori nililoliendesha miaka kumi na minne limewekwa juu ya mawe, na sasa waliokuja kununua korosho ni watu binafsi. Mmoja wao, Abilahi, alitaka dereva. Alinipenda, ila alidai cheti cha afya. Dereva mwenye presha isiyotulia, alisema, siku moja ataupeleka mzigo wake korongoni. Akanipa hadi Ijumaa ya mwisho wa mwezi wa tisa. Ikipita, angemchukua Bakary, ambaye hata kurudi nyuma na tela hajui.

Zahanati ya Lindi mjini nilikwenda mara ya kwanza, mashine ikasoma mia na themanini kwa mia na tano. Wakanipa vidonge, nikameza. Wiki mbili baadaye, mia na themanini na tano! Kila nikiuona ule mpira wa kufunga mkononi, moyo unanipanda kooni. Ukibana, namwona Bakary ameshika usukani wangu. Muuguzi, Sista Romana, hajafungua mdomo, mimi tayari namkodolea macho kama mshitakiwa mbele ya hakimu.

Nyumbani mke wangu Marietha alitoa amri. Chungu changu hakitiwi chumvi. Watoto wasipige kelele karibu nami. Habari mbaya zisinifikie. Mbuzi wetu alipokufa niliambiwa siku ya tatu, tena baada ya kuketishwa. Na ng'onda, kitoweo changu tangu utotoni, nikakatazwa kabisa. Shemeji alikuwa ametuletea furushi zima kutoka Kilwa, samaki wamekauka na chumvi imewaganda mgongoni. Marietha aliwala peke yake, siku hadi siku, maana kutupa chakula ni dhambi, na kuwaacha waning'inie jikoni ni kunitia majaribuni. Nilinuna. Niliona mwanamke anafaidi.

Siku zile sikutulia hata kidogo. Nalima mistari miwili, naacha jembe. Nakwenda dukani, narudi bila nilichofuata. Vidole shingoni, nahesabu mapigo, napotewa na hesabu, naanza upya. Marietha alikuwa akinitazama tu, huku akijikandakanda kisogo, kisha anarudi kwenye kazi zake.

Ijumaa ilipofika alisema atanisindikiza. Tukadandia gari la mizigo hadi mjini, nikapanda ngazi za zahanati mbiombio.

"Shikamoo baba," Romana alisema.

"Marahaba. Nipime upesi, mwanangu, tumalize."

"Leo sikupimi upesi. Mashine hii inapima na woga. Wewe unakuja unahema, unaongea nikikupima, halafu unanitolea macho. Kaa hapo. Miguu chini, mgongo uegemee. Nusu saa, usiseme neno."

Nusu saa bila neno! Mimi! Marietha alicheka hadi akajifuta macho kwa khanga. Nikahesabu nondo za dirisha. Bakary akaja mawazoni, nikamfukuza. Nikahesabu tena. Pole pole nikasikia pumzi zangu zinarudi mahali pake, na mpira ulipobana sikumwangalia Romana, niliangalia miguu yangu.

"Mia na thelathini na sita kwa themanini na nne," alisema. Akarudia, ikawa pale pale. "Dawa inafanya kazi, baba. Kilichobaki ni woga. Ila vidonge usiache hata siku moja."

Tabibu akatia sahihi cheti changu. Furaha niliyoisikia siwezi kuieleza. Nilipiga meza kwa kiganja.

"Sista, hebu mpime na huyu, umwone mtu asiyejua presha ni kitu gani! Huyu hata akiungua na chungu hapigi kelele."

"Acha, tutakosa gari," Marietha alisema. Lakini mimi ndiye niliyemkalisha kitini, na mimi ndiye niliyemkunjia mkono wa gauni.

Romana alipima, akaufungua mpira. Akahamia mkono wa pili. Kisha akamtaka Marietha apumzike nusu saa kama mimi, na safari hii nami nilinyamaza bila kuambiwa. Akapima tena.

"Mia mbili na kumi kwa mia na ishirini na tano," alisema. "Mama, kichwa hakikuumi?"

"Kinauma."

"Tangu lini?"

"Tangu masika. Na asubuhi macho yanaona ukungu."

Romana aliweka mpira mezani. Akasema mama huyu leo harudi Milola, akatoka kumwita tabibu. Tukabaki wawili, mimi nimeshika cheti changu, wino haujakauka.

"Tangu masika!" nilisema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Marietha, kwa nini hukuniambia?"

Aliteremsha mkono wa gauni lake, akafunga kifungo.

"Ungeshtuka, Baba Xaveri," alisema. "Presha yako ingepanda."