Bata, Dawa, Gari

Mimi sifichi: Katunge nilimwonea wivu kweli kweli. Ameolewa na ndugu ya mume wangu, boma zetu zinapakana hapa Nunguni, na msichana wake Wavinya alilelewa Mtito Andei miaka mitano. Kiswahili chake ni safi. Kanini wangu, wa darasa moja na yeye, bata humwita "mbata" kama sisi wote wa huku, na Katunge hucheka. "Mama Kanini, huyu wako ataongea lini?"

Mimi ni mpishi wa shule. Watu wa afya walipokuja kupima masikio, pua, koo na matamshi ya watoto, walikaa karibu na jikoni. Siku ya kwanza walianza na gredi ya nne. Nilikuwa nachagua maharagwe huku nasikia kila kitu. Dada wa afya anasimama nyuma ya mtoto, anamgusa bega, ananong'ona neno, mtoto anarudia. Maneno matatu tu, yale yale kwa kila mtoto: bata, dawa, gari. Wetu wakajibu mbata, ndawa, ngari, na huyo dada, ambaye si wa huku, akaandika: shida ya matamshi. Aiya! Karibu nusu ya darasa!

Nikasema wangu haandikwi. Katunge hatapata hiyo raha.

Jioni nikamkalisha Kanini tuangaliane uso kwa uso. "Angalia mdomo yangu. Ba-ta." Tulirudia mpaka ulimi ukanyooka. "Akikugusa bega mara ya kwanza, bata. Ya pili, dawa. Ya tatu, gari. Umeskia?" Akautazama mdomo wangu, akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake zamu ya gredi ya tatu, darasa lao, ilifika, na Kanini akasema yote bila kukosea. Nikacheka peke yangu na mwiko mkononi. Halafu Wavinya, huyo wa Kiswahili safi, akaguswa bega akanyamaza. "Sijasikia," akasema. Haki nilifurahi. Nilifurahi vibaya sana.

Furaha haikumaliza wiki. Wavinya alipelekwa hospitali, wakakuta masikio yamejaa usaha, akatibiwa. Kanisani wakamwombea mbele ya watu wote. Mwalimu akamleta dawati la mbele, na muhula ukiisha anasoma hadithi nzima peke yake, kila mtu anamsifu. Nikawaka. Ati hata ugonjwa wa kwa Katunge una bahati! Wangu mwalimu alimwandikia kwa ripoti: "Hasikii akiambiwa." Si hata mimi nasema hivyo kila siku? Hasikii, kichwa ngumu. Nimemchapa kwa sababu ya hiyo.

Jana Katunge alikuja kuomba chumvi. Kanini alikuwa amekaa mlangoni akichambua kunde, ametupa mgongo. Katunge akamsalimia mara tatu. Kimya.

"Wachana na yeye," nikasema. "Huyo hasikii."

Katunge hakucheka. "Mama Kanini," akasema polepole, "hata mimi Wavinya nilikuwa namsema hivyo."

Nikaenda nyuma ya mtoto wangu, nikamgusa bega, nikanong'ona, "Kanini, ni mama."

Akaweka kunde chini. Akakaa wima, mikono juu ya magoti, kama siku ile ya kupimwa.

"Bata," akasema, safi kabisa.