Mtu wa Kubipu

Ofisini walimwita Kalamu, kwa sababu hakugusa kompyuta kabla ya kuchora wazo lake kwenye karatasi. Alikuwa mbunifu wa huduma za simu, na mwaka ule alikuwa ametengeneza huduma ya kuwakumbusha wagonjwa wa presha kumeza dawa. Kila siku saa moja asubuhi ujumbe uliingia: Umemeza dawa? Aliyemeza alibonyeza moja. Ambaye hajameza alibonyeza mbili, na nesi wa kliniki akampigia kumhimiza.

Kwenye karatasi ilipendeza. Lakini kufikia mwezi wa tatu wagonjwa walikuwa wanaacha kujibu mmoja baada ya mwingine, isipokuwa fundi viatu mmoja. Huyo alijibu kila siku bila kukosa, na kila siku alijibu mbili.

"Huyu atatufia," nesi alimwambia Kalamu kwenye simu. "Ila kinachonishangaza, akija kupimwa presha yake iko sawa kabisa. Njoo umwone mwenyewe. Mimi nimechoka kumbembeleza kama bibi harusi."

Kalamu akaenda. Mpaka siku ile wagonjwa alikuwa akiwaona kama mistari kwenye kioo cha kompyuta. Kibanda cha fundi kilikuwa cha hatua mbili tu, kimebanana na duka la madaftari, kinanuka gundi na ngozi. Viatu vilining'inia kwa kamba zake, kila kimoja na karatasi yenye jina la mwenyewe. Fundi alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, vidole vyeusi kwa rangi ya viatu. Alifuta kigoda kwa aproni yake.

"Karibu, mwanangu. Kiatu kina shida gani?"

"Sijaleta kiatu, Fundi. Ninatoka kwa wale wanaokutumia ujumbe wa dawa."

Fundi akaweka nyundo chini. "Mmekuja kuniondoa?"

"Hapana. Nimekuja kukuuliza kwa nini humezi dawa."

"Nameza." Akavuta droo ya misumari, akatoa pakiti ya vidonge. Vilivyotakiwa kuwa vimekwisha vilikuwa vimekwisha. "Kila siku, kabla ya chai."

"Sasa mbona unabonyeza mbili?"

Fundi akachukua kiatu kimoja, akakitazama soli kwa muda mrefu. "Nikibonyeza moja, simu inanyamaza," alisema. "Nikibonyeza mbili, nesi ananipigia. Ananigombeza vizuri sana."

Kalamu alianza kucheka, halafu akaacha, kwa kuwa mwenzake hakuwa anacheka.

"Mke wangu amefariki, sasa ni mwaka wa pili," Fundi aliendelea. "Yeye hakuwa ananikumbusha. Mimi kidonge sijawahi kukisahau. Alikuwa anauliza tu, yuko kule jikoni, 'Umeshameza?' Namjibu, 'Nimeshameza.' Basi, siku imeanza. Siku hizi nameza, halafu nabaki nimesimama na kikombe cha maji mkononi. Nani anajua?"

Kalamu alikuwa na daftari lenye maswali kumi na mawili. Maandishi yanasomeka? Saa inafaa? Lugha inaeleweka? Hakuuliza hata moja. Aliuliza ambalo hakuliandika: "Ungependa nani ajue?"

Fundi hakufikiri sana. "Nina kijana wangu. Yuko mbali, anaendesha greda kwenye ujenzi wa barabara. Tangu tumzike mama yake tumezungumza labda mara nne. Hatujagombana. Ila mama yake ndiye aliyekuwa anapiga simu, halafu ananipa, 'Msalimie mwanao.' Sasa hakuna wa kunipa simu."

Wiki ile Kalamu alichana michoro ya zamani akaanza upya. Katika huduma mpya hakuna aliyekumbushwa. Mgonjwa alichagua mtu wake mmoja. Akishameza dawa, alibipu namba ya huduma na kukata, na mtu wake akapata ujumbe: amemeza. Ikifika saa tatu hajabipu, mtu wake aliambiwa vilevile.

"Kubipu?" bosi wake alishangaa. "Wafadhili wanasubiri kitu cha kisasa, wewe unawaletea kubipu?"

"Tuwaletee kinachotumika," alisema Kalamu. Bosi akaguna, akasaini majaribio ya miezi miwili.

Fundi alimwandikisha mwanawe. Wiki mbili za kwanza kijana hakujibu lolote. Kila Fundi alipopita kliniki alimuuliza nesi, "Anapata kweli?" Nesi akamwambia, "Anapata, Fundi," naye akasema, "Haya," akaenda zake.

Siku ya kumi na saba umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, simu ya Fundi ikazima. Saa tatu na dakika chache, mwenye duka la madaftari alitoka mbio na simu yake mwenyewe mkononi. Kijana alikuwa amepiga namba ya dukani, ile aliyokuwa akiitumia mama yake.

"Baba, leo hujabipu. Umeamkaje?"

"Simu imezima tu, mwanangu. Dawa nimemeza."

Mwenye duka alikuja kudai simu yake mara mbili, na mara mbili akarudi mikono mitupu. Nesi ndiye aliyemsimulia Kalamu. Alisema siku ile Fundi alirudisha viatu vya watu wawili vikiwa vimebadilishana.

Kalamu alifurahi, lakini habari ile ilimkumbusha lake mwenyewe. Mama yake naye alikuwa na presha, akiishi peke yake katika mji wa mbali, na Kalamu alikuwa ameomba kliniki ya huko imwingize kwenye majaribio. Kila asubuhi alisubiri ujumbe. Haukuja. Mwishowe akafungua orodha. Mama alikuwa anabipu kila siku, saa moja na nusu kamili. Mtu wake alikuwa jirani.

Akampigia.

"Kitu kizuri mmetengeneza," alisema mama. "Hata jirani anakisifu."

"Mama, mbona umemchagua jirani?"

Bomba la maji lilikuwa likitiririka upande wa mama. Kisha likafungwa. "Wewe una kazi nyingi, mwanangu. Nikikupigia unasema, 'Niko kwenye kikao, nitakupigia.' Jirani nikibipu, anagonga ukuta. Najua kapata."

Kalamu alitamani angekuwa yeye upande wa pili wa ukuta ule. "Niongeze na mimi," alisema.

"Nilitaka. Wakaniambia inapokea mtu mmoja tu. Sijui nani aliamua hivyo."

"Mimi."

"Basi ndiyo hivyo," alisema mama, bila hasira.

Kuruhusu mtu wa pili kulimchukua Kalamu siku tisa. Bosi alipouliza utafiti gani umeonyesha haja hiyo, alisema kuna mtumiaji mmoja amelalamika.

Asubuhi ya kwanza ujumbe uliingia akiwa bado na mswaki mdomoni. Alisukutua haraka, akapiga.

"Kuna nini?" mama alishtuka. "Mbona asubuhi hivi?"

"Hakuna kitu. Nimepata bipu yako."

"Ahaa." Kisha mama akamweleza kwamba mlango wa nyuma umevimba, haufungi, na kwamba miwani yake imelegea. Kalamu alisikiliza yote, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda na taulo begani.

"Unakuja lini?" mama aliuliza.

"Mwisho wa mwezi."

"Mwezi upi?"

Kalamu akamtajia tarehe. Mama akasema asubiri atafute mahali pa kuiandika, naye akasubiri, akisikia kandambili zikielekea chumbani, kabati likifunguliwa, na mama akiirudia tarehe ile kwa kunong'ona ili isimtoke.