Jiko la Wilhelmina

Kashindye alikuwa fundi wa kuchomelea pale Mkolani, na ufundi wake hakuna aliyeubishia. Mageti, vitanda vya chuma, mikokoteni ya ng'ombe, vyote vilitoka mikononi mwake vimenyooka. Kilichomponza si mikono. Kilichomponza ni mdomo.

Alikuwa pia mcheza ngoma wa Wagalu. Na ngoma za Usukumani, kwa asiyezijua, ni mashindano hasa: Wagalu na Wagika wanacheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake wa uwanja, na mshindi ni yule atakayevuta watazamaji wengi. Mwaka uliotangulia Wagika walileta chatu hai. Uwanja mzima ulihamia kwao. Upande wa Wagalu walibaki watoto wachache na mlevi mmoja aliyekuwa amesinzia. Kashindye alirudi nyumbani amenuna, na msimu uliofuata akaja na jibu lake: bunduki.

Wenzake wa zamani walicheza na bunduki za mbao. Yeye akaunda ya chuma, nyuma ya nyumba yake, bunduki ya kulia na kutoa moshi bila risasi. Siku aliyoileta mazoezini, Evelina, kiongozi wa kundi, mama wa makamo asiyependa utani kazini, aliitazama juu mpaka chini.

"Kashindye, hiki kitu kina kibali?"

"Nimeshaongea na polisi, mama. Maadamu haina risasi, ni kifaa cha ngoma tu."

Hakuwa ameongea na polisi. Hakuwa ameongea na mtu yeyote. Alijitungia sheria mwenyewe, akaipitisha mwenyewe, na kibaya zaidi akaiamini.

Tuseme ukweli, mchezo ulinoga. Mpiga ngoma mkuu alikuwa Mashimba, shemeji yake, mume wa dada yake Wilhelmina. Mashimba alikuwa akituliza ngoma zote, halafu anaachia mdundo wa peke yake, taratibu: paa, paa, kimya, paa. Kwenye ile paa ya mwisho Kashindye anaingia kwa kunyata, anafyatua, na watu wanapiga mayowe hadi wauza miwa wanaacha biashara zao.

Siku moja ya mazoezi bunduki ikapasuka. Kashindye hakupata hata mkwaruzo. Kipande cha chuma kilimpata Mashimba mkono wa kulia, kikaondoka na vidole viwili.

Aibu yenyewe inaanzia hapa, wala si kwenye kupasuka, maana kupasuka kunaweza kuitwa ajali. Walikuwa ndani ya gari, Mashimba kafungwa mkono kwa kitenge kinachochuruzika damu, wanapitia polisi kuchukua fomu ya PF3 ili akatibiwe. Kashindye akamwinamia shemeji yake. Mtu angetegemea aseme pole.

"Shemeji, sema ni jiko la gesi," alinong'ona. "Nakuomba. Watanifunga."

Mashimba alimtazama, ameuma midomo kwa maumivu. Kisha akaitikia kwa kichwa. Alipofika kaunta ya polisi akasema jiko la gesi lilimlipukia.

Sasa nyumbani kwa Mashimba hakukuwa na jiko la gesi. Wilhelmina alipikia mkaa tangu aolewe. "Jiko gani, kaka?" aliuliza pale hospitalini. Wiki ile ile akawapelekea jiko jipya na mtungi wake, akaliweka mwenyewe jikoni, akisema ni zawadi. Polisi wakija kuuliza, walikute. Hebu fikiria akili ya mtu huyo.

Wilhelmina hakuliwasha. Kila Kashindye alipokwenda kumjulia hali shemeji yake alilikuta pale pale, nailoni yake haijabanduliwa, na ugali unasongwa kwenye mkaa. Walimkaribisha, akala. Mashimba alijifunza kumega tonge kwa mkono wa kushoto, akimwomba radhi mgeni kwa kukosa adabu. Kashindye aliona aibu hadi masikio yakapata moto, akamega tonge jingine.

Ndipo likapita gari la matangazo: wenye silaha kinyume cha sheria wapewa muda wa kuzisalimisha kwa hiari, wazilete kwenye mkutano wa mtaa.

"Nenda nayo," Mashimba alimwambia. "Nitakusindikiza."

Wakaenda watatu, Wilhelmina akiwa nyuma. Afande aliyesimamia mkutano alikuwa mtu wa sauti kubwa asiyehitaji kipaza sauti.

"Sikilizeni vizuri. Kibali ni cha kumiliki silaha iliyopatikana kihalali, na hicho chenyewe unaomba, unachunguzwa, unasubiri. Kujitengenezea nyumbani hakuna kibali. Iwe ya kufukuza nyani, iwe ya kuchezea ngoma!" Watu wakacheka. "Anayeleta leo hashtakiwi kwa kuwa nayo. Lakini kama imeshamuumiza mtu, hilo ni suala lingine, tutalifungulia faili lake."

Kashindye akaweka bunduki yake mezani. Afande akaigeuzageuza.

"Hii imepasuka. Ilimuumiza mtu?"

"Hapana, afande," Mashimba akawahi, hata Kashindye hajafumbua mdomo. "Haikumgusa mtu."

Afande akautazama mkono wenye bandeji. "Na wewe je?"

"Mimi ni jiko la gesi, afande. PF3 mlinipa ninyi wenyewe."

Afande akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akamshika Kashindye bega na kumgeuza awaelekee watu. "Huyu ndiye mwananchi tunayemtaka! Mpigieni makofi!"

Makofi yakapigwa. Wilhelmina alikuwa amekunja mikono kifuani, anamtazama kaka yake usoni. Mashimba hakuwa na viganja viwili vizima vya kupigia, basi akawa anajipiga pajani kwa mkono mmoja, ameinamisha kichwa. Pengine hakujua anapiga nini. Mkono wa mpiga ngoma una mazoea yake. Paa, paa, kimya, paa.

Miguu ya Kashindye ikasogea mbele yenyewe. Ilishazoea kuingia kwa mdundo ule. Akajikuta katikati ya watu, mikono mitupu.

"Afande," alisema, akiuonyesha mkono wa shemeji yake. "Afande, lile jiko nililinunua mimi. Nililinunua baada ya vidole kukatika."

Makofi yakakoma. Ya Mashimba ndiyo yaliyokuwa ya mwisho.