Bango la Kaka

Mtoto wa kinyozi alipofia wodini kwa kukosa oksijeni, kaka yangu hakunipa usingizi mpaka nikamshonea bango. Nilitoa shuka langu jeupe, jipya kabisa, nikalikunja pindo, naye akaandika kwa rangi nyekundu: NANI AMEMUUA MTOTO HUYU? Akatangulia mbele ya jeneza mtaa mzima, akiisema serikali mpaka sauti ikamkauka. Jirani yetu, mama mmoja wa chama kilichokuwa madarakani, alisimama mlangoni kwake akasema siku za mtoto zilikuwa zimefika. Nikaapa sitamsalimia tena.

Uchaguzi ukaja, chama cha kaka kikashinda, naye akawa diwani. Hospitali ikapakwa rangi mpya.

Leo asubuhi binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa, amefia wodi ileile. Mtungi wa oksijeni ulikuwa pale pale kando ya kitanda, mtupu.

Jirani alikuwa wa kwanza kufika. "Pole, mwanangu," akasema, na kabla hata hajakaa, "Lile bango la kaka yako bado unalo? Safari hii tutalibeba sisi."

Nikamwonyesha mlango. Nyani haoni kundule, nikajisemea, kumbe nyani wa pili yuko njiani.

Kaka akaja mchana na gari lenye bendera ya chama. Akanikumbatia akilia, na machozi yale yalikuwa ya kweli, hilo sitamnyima. Kisha akajifuta.

"Mdogo wangu, kazi ya Mungu haina makosa. Tuzike leo hii, kimyakimya. Wale wenzetu wanatafuta la kusema."

"Na yule wa kinyozi?"

"Ule ulikuwa uzembe wa serikali."

"Na huyu wangu?"

"Tumerithi hospitali mbovu, nawe unajua." Akashusha sauti. "Lile bango liko wapi? Nipe nikalichome kabla hawajaliona."

Nilimpeleka chumbani alikolazwa mwanangu. Shuka lile nililifua mara nyingi, rangi ikakataa kutoka, nikamfanyia mtoto la kulalia, maandishi yakiwa upande wa chini. Ndilo nililomviringishia kutoka hospitali. Sikuwa na jingine.

"Hilo hapo," nikamwambia. "Lichukue."

Kaka akainua pindo, akaziona herufi zake. Akatazama dirishani, akavuta pazia, akaanza kumfunua mpwa wake.