Mbele ya Mama Mkwe

Mume wangu Fidelis ana kichwa kigumu, na nilimpenda hivyo hivyo. Lakini siku ile hospitalini Morogoro nilitamani kumzaba kibao.

Tulishuka kutoka Mgeta na lori la kabichi, yeye kalala juu ya magunia akiuma meno kila kona. Mama yangu alikaa mbele na dereva. Kwetu Waluguru shamba ni la upande wa mama, na tangu anioe, Fidelis ndiye anayebeba kabichi zetu kutoka bondeni hadi barabarani. Bado kijana, lakini kiuno kilipomkamata alishindwa hata kuvaa viatu. Mama akasema atamleta mwenyewe. Anampenda, sikatai. Pia alitaka kusikia kwa masikio yake ni lini atarudi kubeba.

Mtaalamu wa fiziotherapia alikuwa dada mmoja mpole, Mwanahawa. Alimpa mama shikamoo, kisha akamwambia Fidelis ainame, anyooke, alale chali. Alipomwinua mguu kidogo tu, jasho lilimtoka Fidelis usoni.

"Mama, naomba utupishe kidogo," Mwanahawa alisema.

"Niwapishe niende wapi? Huyu ni mwanangu. Hana cha kunificha."

Mwanahawa alinitazama. Mimi nikatazama sakafu. Mama yangu hatolewi chumbani, na mimi mwoga wake tangu utotoni.

Basi akauliza hivyo hivyo, kwa sauti ya chini. "Kaka Fidelis, haja ndogo unaweza kuizuia? Huku katikati ya mapaja hakuna ganzi?"

Jamani! Fidelis huyu, akikutana na mama kwenye njia nyembamba, huingia majanini ampishe. Mama akiwepo, chakula hula kaangalia pembeni. Leo aseme habari za mkojo mbele ya mkwe?

"Niko sawa, dada. Ni kiuno tu. Nionyeshe mazoezi nirudi kazini."

Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwanahawa akaanza kumweleza jinsi ya kukunja magoti, na mimi nikashindwa kuvumilia.

"Mwongo huyu! Tangu Jumapili mkojo unamtoka bila yeye kujua. Nafua shuka kila siku nyuma ya nyumba, mama asione!"

Mama alijifunika kanga usoni, akatoka.

"Tangu Jumapili?" Mwanahawa aliuliza. Siku ile ilikuwa Alhamisi. Sauti yake ilibadilika. "Dada, hapa hakuna mazoezi tena. Mishipa ya fahamu imebanwa mgongoni. Anahitaji upasuaji haraka, la sivyo miguu itapooza, na hata sasa tumechelewa. Asinyanyuke." Akatoka mbio kumtafuta daktari.

Tulibaki wawili. Fidelis aligeuza uso ukutani.

"Umenivua nguo mbele ya mkwe," alisema. "Nitakaaje tena nyumbani kwake? Mke gani wewe?"

Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo maishani. Nikamshika kisigino, nikamfinya kwa kucha, kwa nguvu zangu zote, ili anyamaze, anigeukie, atambue kwamba anakaribia kupoteza miguu yake.

Aliendelea kunigombeza kwa sauti ile ile. Nikafinya tena, hadi kucha zikaacha alama, na mguu haukushtuka, wala hakugeuka.