Nishani ya Kumi na Tano

Fundi wa mashine za kunakili alikuwa mtu mwema katika mambo yote isipokuwa gemu lake la vita vya angani. Lilikuwa gemu la zamani, la enzi za disketi, na alianza kulicheza kabla hajaoa. Alilitengea kompyuta mbili kuukuu nyuma ya karakana, na wateja wakamwita Kamanda. Alikuwa amedungua vyombo vya adui elfu moja mia nne na sita, na kujipatia nishani kumi na nne. Siri yake ilikuwa ndogo tu: vita vikianza, alimwamuru rubani mwenza, aliyeendeshwa na kompyuta, arudi kituoni. Hakutaka mtu amnyang'anye windo.

Ila nishani ya kumi na tano ilimkaa kooni. Hiyo hupewa rubani anayemaliza safari ya mwisho huku meli ya wagonjwa aliyokabidhiwa ikiwa salama. Kamanda akimwona adui anakimbia, humfukuza mpaka amwangushe, na akigeuka nyuma meli imeshakuwa moto mtupu.

Ndipo akaja shemeji, mdogo wa mkewe, muuguzi aliyehamishiwa kazi pale mjini. Aliomba afundishwe gemu, na Kamanda akamfundisha kwa majivuno tele. Wiki ya tatu shemeji akaipata nishani ya kumi na tano, naye alikuwa amedungua vyombo mia mbili tu.

Kamanda alimpongeza kwa kicheko cha jino pembe. Tangu hapo roho haikumtulia. Mkewe, ambaye miaka yote aliliita gemu hilo makelele, sasa aliwasimulia majirani jinsi mdogo wake alivyookoa meli ya wagonjwa. Kamanda alimwonea shemeji kijicho hata kwa namna alivyokoroga chai. Tena alijua ni kijicho, wala hakujidanganya.

Shemeji, maskini, hakushtukia kitu. Jumamosi moja mchana, karakana imeshafungwa, alitoa wazo waunganishe zile kompyuta kwa waya, waruke pamoja.

"Wewe piga tu unavyotaka, shemeji," alisema. "Meli niachie mimi. Leo hiyo nishani unaichukua."

Kusaidiwa na mtu unayemwonea wivu kunauma kuliko kushindwa naye. Lakini nishani aliitaka, basi akakubali. Mkewe akavuta kigoda aje kutazama, akakiweka upande wa ndugu yake.

Adui wakaja makundi kwa makundi. Kamanda akadungua watano, wanane, kumi na mmoja. Meli ya wagonjwa haikupata hata mkwaruzo. Kila adui aliyemnyemelea Kamanda kwa nyuma, shemeji alimwahi, akamwangusha. Angekuwa mtu mwingine angeshukuru. Yeye alihesabu: huyo wangu, huyo naye wangu, huyo kaninyang'anya.

Ikabaki dakika moja. Shemeji akapita mbele ya Kamanda, akamdungua adui wa mwisho aliyekuwa anaielekea meli.

"Mwone mdogo wangu," mkewe alisema kwa fahari. "Bila yeye mume wangu asingefika hapa."

Chombo cha shemeji kilikuwa katikati kabisa ya shabaha. Kamanda hakufikiri mara mbili. Kidole kikabonyeza.

Kwenye skrini ya shemeji yakatokea maandishi mekundu: umedunguliwa na kiongozi wako. Shemeji akayasoma, akamtupia Kamanda jicho moja, kisha akabonyeza kitufe, maandishi yakafutika kabla dada yake hajavaa miwani.

"Nani kakupiga?" dada yake aliuliza.

"Adui, dada. Sikumwona."

Kwenye skrini ya Kamanda hukumu ilikuwa imeshatoka. Rubani amefukuzwa jeshini. Nishani zikaondolewa moja moja, zote kumi na nne, kwa sauti ya tarumbeta. Idadi ya aliowadungua tu ndiyo haikuguswa, na shemeji alikuwa amehesabiwa humo.

"Na wewe, baba watoto, umeipata?"

Shemeji akawahi kujibu.

"Kompyuta imekwama, dada. Waya wenyewe mbovu. Tutarudia wiki ijayo."

Mkewe akampa pole, akaenda kutengeneza chai. Kamanda akazima skrini akiwa hana uso wa kumtazama shemeji. Hata uongo wa kumsitiri yeye, shemeji ndiye aliyeuweza.