Mshumaa wa Pili wa Shangazi Milojka

Lile buti nililiona vizuri kabisa, na mfupa ndani yake pia niliuona. Ciril alikuwa anakwangua udongo taratibu kwa katapila, nami natembea mbele yake nikiangalia chini. Ndiyo kazi yangu: njia ya miguu inajengwa kando ya uwanja wa vita kuu ya kwanza, kwa hiyo mwanaakiolojia lazima awepo, na ukionekana mfupa wa askari, ujenzi unasimama.

Kusimama maana yake hadi theluji iishe. Na shangazi yangu Milojka, ambaye mumewe aligongwa na lori kwenye barabara ya malori iliyo kando yetu, isiyo na pa kupita mtu wa miguu, alikuwa ameshatangaza kijiji kizima kwamba Siku ya Watakatifu Wote, Novemba mosi, ataenda makaburini kwa njia hii.

"Hamna kitu hapo," nikasema. "Endelea."

Ciril akanitazama. "Una uhakika, Nives? Maana mimi naona kama..."

"Mtaalamu nani, mimi au wewe?"

"Haya, bosi kasema." Akamwaga kifusi juu ya lile buti. Nami, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi.

Mara shangazi huyo, na sahani ya keki ya jozi. "Kuleni, mna sura za njaa! Ciril, usimalize peke yako." Kwenye kikapu chake mishumaa ya makaburini aliyotoka kuinunua ikagongana.

"Miwili ya nini, shangazi?" niliuliza ili tu nisimtazame usoni.

"Mmoja wa Lojze wangu. Mwingine ni wa babu yangu, nauwasha penye msalaba mkubwa wa wasio na kaburi. Si alifia vitani hukuhuku, kaburi hana? Bibi alizeeka akimtafuta. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Kwa aibu nikarudisha kipande changu cha keki sahanini.

"Shangazi, pale kuna mtu. Sijui ni nani. Nimemwona, nikamwambia Ciril amfukie. Nilitaka upate njia yako."

"Nilikutuma mimi?" Akaiweka sahani chini. "Nives, nilikutuma?"

"Nikisema, ujenzi unasimama hadi theluji iishe."

"Na usimame! Ciril, zima hilo dude."

Akapiga magoti kwenye tope, akauwasha mshumaa wa babu yake kando ya kifusi. Kisha akachukua sahani yake, akafunika keki iliyobaki, wala hakuniaga. Akarudi nyumbani kwa barabara ya malori, kajibana ukingoni, na kila honi ilipolia nilifumba macho.